Hilo Jua Limetoka Wapi?

Mama msomaji, kama umewahi kujenga nyumba utakubaliana nasi kwamba hufika wakati mume na mke hawana mazungumzo mengine ila saruji. Wakiamka ni saruji, wakila ni mabati, wakienda kulala wanahesabu matofali. Sisi tulifika hapo mwaka 2022. Tulikuwa na kiwanja upande wa Kihesa, hapa Iringa, kwenye mteremko wenye mawe makubwa kama ilivyo kawaida ya mji wetu, na msingi wa kuta za nje ulikuwa umekwisha. Fedha tulizokuwa nazo zilikuwa za aina mbili: zetu wenyewe, ambazo zilikuwa chache, na za kikundi cha kuweka na kukopa, ambazo zilitakiwa zirudi pamoja na riba.

Nyumba hiyo haikuwa ya sisi na watoto tu. Mama, yaani bibi mzaa baba wa watoto wetu, alikuwa akiishi peke yake kijijini, wilaya ya Kilolo. Kila mwaka ukiingia mwezi wa Juni magoti yalikuwa yanamfunga, akawa hawezi kutoka jikoni hadi kitandani bila kushika ukuta. Tulikubaliana kwamba nyumba ikiisha tutamchukua akae nasi. Katika ramani chumba chake kiliwekwa nyuma, karibu na bafu, na dirisha lake lilitazama kusini. Mbele, katika kona ya kaskazini-mashariki inayotazama barabara, iliwekwa sebule. Mchoraji wa ramani ile hakupata kukanyaga kiwanja chetu. Alichora akiwa mezani kwake, nasi hatukumwuliza kitu, kwa kuwa sebule ilikuwa kubwa na dirisha lake lilikuwa pana.

Kusema kweli, mmoja wetu alikuwa na wasiwasi juu ya chumba cha mama. Alinyamaza. Mwingine naye alikuwa na wasiwasi huo huo, naye akanyamaza. Tunadhani nyumba nyingi hujengwa hivyo.

Mwezi wa Julai binti yetu alikuja likizo. Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea usanifu wa majengo Dar es Salaam. Alikuja na kompyuta mpakato, akaichukua ramani yetu na kuisimamisha yote ndani ya kompyuta: kuta, milango, madirisha, hata kitanda na meza. Kisha akaiamuru kompyuta itoe picha ya kila chumba, kana kwamba mtu amesimama mlangoni na kupiga picha kwa kamera. Zamani kazi hii ilifanywa kwa penseli na brashi, na kila aliyetazama alijua kwamba huu ni mchoro. Siku hizi macho yanaweza kudanganyika.

Yetu yalidanganyika. Chumba cha mama kilikuwa na shuka jeupe, sakafu inayong'aa, na jua pana la dhahabu lililoingia dirishani, likalala sakafuni na kupanda hadi kitandani. Tulifurahi mno. "Umeona?" mmoja wetu alimwambia mwenzake. Hakusema ameona nini, wala mwenzake hakuuliza, maana sote wawili tulijua. Ule wasiwasi wetu ulipata mahali pa kulala. Tulikwenda mjini kuichapisha ile picha kwenye karatasi nzuri, na Jumamosi tukaipeleka Kilolo.

Mama aliishika picha mbali, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena. "Nani anakaa humu?" akauliza.

"Ni wewe, mama. Hiki ndicho chumba chako."

"Mbona hakuna hata kikapu?" Tukacheka. Akaendelea kutazama. "Dirisha hili linaangalia wapi?"

Tulimwambia kusini.

"Na hilo jua limetoka wapi?"

Tukaanza kueleza kwamba ni picha ya kompyuta, kwamba mjukuu wake ndiye aliyeitengeneza. Hakutusikiliza. Alichukua fimbo yake, akatutoa nje. Ilikuwa yapata saa sita mchana. Upande mmoja wa nyumba yake kulitandazwa mkeka wa maharage yaliyokauka hata yanagongana. Upande wa pili kulikuwa na kivuli cha hatua mbili, na majani yaliyokuwa kwenye kivuli hicho yalikuwa bado na umande. "Wakati wa baridi jua linahamia huku," alisema, akielekeza fimbo upande wa maharage. Huko ndiko kaskazini. "Huku kwingine ni kwa kuku kujificha mwewe."

Tulirudi mjini kimya. Binti yetu aliifungua programu kabla hata ya kuvua koti, na baada ya dakika chache akajishika kichwa. Alikuwa amesahau kuiambia programu nyumba iko wapi. Isipoambiwa hujichagulia yenyewe, nayo ilikuwa imeiweka nyumba yetu katika mji mmoja wa Marekani, mwezi wa Novemba, saa saba na nusu mchana. Huko kaskazini mwa dunia, wakati wa baridi jua hupita chini chini upande wa kusini, likaingia hadi katikati ya vyumba. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Miezi yote ya baridi, dirisha la kusini haliguswi na jua la mchana hata kidogo.

"Nimemdanganya bibi," alisema. Tukamwambia hapana, umetudanganya sisi, na sisi tulikuwa tunapenda kudanganywa.

Basi akaamua kuianza kazi upya, na safari hii asibakishe uongo wowote, uwe wa jua au wa vitu. Siku tatu zilizofuata zilikuwa za ajabu nyumbani kwetu. Alizunguka na simu akipiga picha vitu ambavyo sisi huvipita kila siku bila kuvitazama: lipu ya korido, sakafu ya saruji iliyopigwa nta nyekundu, mbao za mlango, blanketi, kona ya ukuta pale watoto wanapopitisha mikono. Mmoja wetu alimwuliza kwa nini anapiga picha uchafu. Akajibu kwamba huo uchafu ndio ulioukosekana.

Tulikaa naye, naye akatufundisha, na tungependa nanyi akina mama wenzetu mfaidi, maana mambo yenyewe mnaweza kuyaona nyumbani bila kompyuta.

Alianza na kona. Katika picha ya kwanza kila kona ya ukuta na kila ukingo wa meza ulikuwa mkali kama wembe. Lakini ukitazama kona ya ukuta wako wa lipu utaona imeviringika kidogo, na pale ilipoviringika kuna mstari mwembamba wa mwanga. Jicho limezoea mstari huo tangu utotoni. Usipokuwapo, jicho hujua kuna kitu hakiko sawa, hata kama mwenye jicho hawezi kusema ni kitu gani.

Akaja kwenye mng'ao. Sisi tulidhani vitu viko vya aina mbili, vinavyong'aa na visivyong'aa. Alitusimamisha mlangoni mwa korido akatuambia tutazame sakafu miguuni petu. Ilikuwa nyekundu, imefifia. Kisha akatuambia tuinue macho tutazame sakafu ile ile kule mwisho, karibu na mlango wa uani. Ilikuwa inang'aa kama maji, na mlango wenyewe ulionekana ndani yake kichwa chini. Sakafu ni moja, nta ni moja, ila jicho lilipoitazama kwa kulalia, ilirudisha mwanga mwingi zaidi. Karibu kila kitu kina tabia hiyo, hata ukuta na karatasi. Tena mng'ao wa kweli haulingani: pale watu wanapokanyaga sana nta imekwisha, pembeni bado iko. Katika picha ya kwanza sakafu nzima ilikuwa inang'aa sawasawa, kama sinia jipya, na ndiyo maana mama alipoitazama alihisi kwamba humo hakai mtu.

Mbao ndizo zilizotuchekesha. Alituonyesha mlango wa kwenye picha ya kwanza: fundo lile lile la mti lilijirudia katika kila ubao, kana kwamba miti yote ya Sao Hill imezaliwa pacha. Alipiga picha mbao sita tofauti za paini akazichanganya. Matofali nayo alikuwa ameyachora makubwa mno, na mekundu ya aina moja. Tofali la kuchoma la hapa kwetu, kama mjuavyo, hutegemea lilikaa wapi katika tanuri: mengine ni mekundu, mengine ya kahawia, mengine yameungua hadi yana weusi upande mmoja.

Halafu akaja kwenye jambo ambalo sisi tuliliona kubwa kuliko yote. Mwanga ukiingia dirishani hauishii pale unapoangukia. Unaruka. Unagonga sakafu, unakwenda kwenye ukuta, unatoka ukutani unapanda darini, na kila unapogonga huacha sehemu ya nguvu yake na kuchukua rangi kidogo ya kile ulichokigonga. Ukuta mweupe safi hurudisha karibu sehemu 8 katika 10 za mwanga unaoupata. Tofali jekundu hurudisha kama sehemu 3 tu, na sakafu nyeusi hurudisha kidogo sana. Jaribu hivi: asubuhi jua likiwa limeingia, tandika kanga nyekundu sakafuni karibu na ukuta mweupe. Utaona ukuta unaona haya. Alituambia kwamba mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitumia kisanduku kitupu chenye kuta za rangi mbalimbali kufundisha kompyuta kupiga hesabu ya jambo hilo hilo, na kwamba kisanduku hicho kinatumika hadi leo kujaribia programu za picha. Mwaka 1986 mtaalamu mwingine, James Kajiya, aliandika kanuni moja ya hesabu ya safari zote za mwanga, na programu za leo bado zinaifuata. Hesabu yenyewe hatukuielewa. Kanga tuliielewa.

Mwanga pia una rangi zake. Balbu ya zamani ya umeme ni ya njano. Wataalamu huupima mwanga wake karibu Kelvini 2,700. Mwanga wa mchana huwa karibu 6,500, na ule unaotoka kwenye anga tupu bila jua hupita hapo, nao ni wa buluu. Kumbukeni hilo la buluu.

Alipomaliza kukusanya vitu akaiambia programu ukweli wote: Iringa, mwezi wa Julai, saa tatu asubuhi, kaskazini ni huku. Kompyuta ilianza kazi saa mbili usiku. Kwanza picha ilijaa chenga kama unga umemwagika juu yake, maana kompyuta inafuata miale mmoja mmoja na inahitaji mingi sana kabla picha haijatulia. Saa tano umeme ukakatika. Ilibidi kuanza upya alfajiri, na mtoto wa watu hakulala.

Picha ilipokuwa tayari, hakuna aliyesema "umeona" safari hii.

Chumba kilikuwa cha kweli kabisa. Lipu ilikuwa na mawimbi kama ya fundi wetu, mlango ulikuwa wa paini, blanketi lilikuwa lile lile la mama. Mwanga uliokuwamo ulikuwa wa anga peke yake, wa buluu, mwepesi, kama maziwa yaliyotiwa maji. Sakafuni hapakuwa na jua hata la ukubwa wa kiganja. Ukiitazama picha ile ungetaka kutafuta sweta. Picha ya kwanza ilitufanya tuone kitanda. Hii ya pili ilitufanya tumwone mama mwenyewe, amekaa kitandani amejifunika, anasubiri saa sita ifike atoke nje aote jua.

Sasa mama msomaji, usidhani tuliamua mema saa ile ile. Mmoja wetu alisema dirisha liongezwe ukubwa. Binti akaliongeza ndani ya kompyuta: mwanga ukawa mwingi zaidi, lakini ulikuwa wa buluu ule ule, na kioo kikubwa upande wa kusini huongeza baridi. Mwingine akasema kuta zipakwe nyeupe na si krimu. Akapaka. Chumba kikachangamka kidogo, kikabaki baridi. Tukasema iwekwe taa ya njano. Akaiweka, na kwa usiku ilipendeza sana, lakini hakuna anayeponya magoti kwa balbu. Kila tulipopendekeza jambo alilifanya bila kubisha, akatugeuzia kompyuta tuone. Tunamshukuru kwa uvumilivu huo. Angetuambia kwa maneno tungemwona mtoto anayefundisha wazazi.

Mwishowe, bila kuambiwa, alibadilisha vyumba viwili. Mama akamweka kona ya kaskazini-mashariki, sebule akaipeleka nyuma. Picha hiyo ilikuwa na dirisha moja la mashariki na moja la kaskazini. Saa moja na nusu asubuhi jua liliingia la mashariki. Saa tatu liliingia mshazari kwa madirisha yote mawili. Saa sita lilibaki la kaskazini, kama futi tatu sakafuni, basi, maana upenu wa paa uliligawanya. Si lile jua pana la dhahabu la picha ya kwanza. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwa la hapa.

Tulinuniana siku mbili. Tuseme wazi sababu, maana kuficha hakusaidii. Kikundi chetu hukutana nyumbani kwa wanachama kwa zamu, na mmoja wetu alikuwa ameshajiona anawakaribisha wenzake katika sebule ile yenye dirisha pana, watu wapitao barabarani wakiona mapazia. Mwingine alikuwa ameahidi kumlipa fundi wiki ile, na mabadiliko yalitaka kuhamisha ukuta mmoja wa ndani, kusogeza bomba la bafu, na kuongeza mifuko 11 ya saruji ambayo haikuwamo katika hesabu. Fedha za watu zilikuwa zinahesabu siku. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa nzuri hadi pale ulipopita mezani na kuikuta ile picha ya buluu.

Ile picha ilikaa mezani siku zote mbili. Hatukumbuki ni nani aliyeanza kusema. Tunakumbuka tu kwamba Jumatano asubuhi tulikwenda wote wawili kiwanjani na kamba na vigingi, na fundi mwashi akatutazama kama watu waliorukwa na akili. "Sebule nyuma?" akauliza mara tatu. Aliomba apewe maelezo, akaonyeshwa picha mbili kwenye simu. Aliitazama ya buluu, akasema, "Hiki chumba nakijua, nilikulia humo."

Tangu hapo wenzetu wa kikundi wamekuwa wakituletea picha za nyumba zao, nasi si wataalamu, ila tumekuwa na maswali yetu. Tunauliza kaskazini ni wapi katika picha hiyo. Tunauliza ni mwezi gani na saa ngapi. Tunaomba itolewe nyingine ya siku ya mawingu, maana hata banda la mbuzi hupendeza saa kumi na moja jioni. Na tunauliza sakafu inayoonekana ni ile mtu atakayoweza kuinunua, au ni marumaru iliyochaguliwa ndani ya programu kwa sababu humo haina bei. Mama mmoja alirudi kwa mchoraji wake na swali la kaskazini, akaambiwa kaskazini haina kazi katika picha. Amebadilisha mchoraji.

Tulihamia Aprili 2024, dari ya korido ikiwa bado. Mama aliletwa mwezi uliofuata pamoja na vikapu vyake vya milulu, ambavyo binti alikuwa ameshavitia kwenye picha. Juni ilipofika hatukusema kitu, tulingoja tu. Siku moja saa tatu asubuhi tulimkuta ameburuta kiti mwenyewe hadi kwenye ile mraba ya jua, miguu ameinyoosha ndani yake, anachambua maharage. Saa nne kiti kilikuwa kimesogea. Magoti hayajapona, na asikudanganye mtu kwamba jua ni dawa ya magoti ya miaka 79. Lakini kila asubuhi huamka anajua atakaa wapi.

Sebule yetu iko nyuma. Ni ya buluu kama ilivyoahidiwa, tumeipaka rangi nyeupe na kuwasha balbu ya njano mchana, na mwezi wa Julai wageni wakija tunawapa chai na blanketi kwa pamoja. Wengi wao, wakishamaliza kusalimia, huomba ruhusa wakamwone bibi, na huko ndiko wanakokaa.